Misumari kwenye Mchanga wa Dagaa: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalo Mmoja Kigoma

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Niliingia katika kisa hiki kwa sababu niliitwa kutengeneza kifaa cha kuokotea misumari mchangani, nikajikuta nimekaa nacho miezi miwili. Nimekiandika kwa ruhusa ya wahusika. Majina ya watu nimeyaacha, jina la mwalo nimeliacha, na mambo mawili matatu ambayo mtu wa Kigoma angeyasikia akajua moja kwa moja ni wapi, nayo nimeyaondoa. Vipimo na mfuatano wa matukio ni vilevile vilivyoandikwa kwenye daftari la kikundi cha akina mama.

Mahali na kazi yake

Mwalo wenyewe, yaani mahali boti za uvuvi zinapofikia nchi kavu, ni mdogo. Upande mmoja, chini ya miembe, wapo mafundi boti watatu wanaounda na kukarabati boti za mbao. Upande wa pili ni uwanja wa mchanga ambako akina mama huanika dagaa. Katikati hakuna uzio wala mfereji, ni njia ya miguu tu inayoshuka majini.

Wachache wenye mtaji wanaanika juu ya chanja, yaani vitanda vya miti na wavu vilivyoinuliwa. Waliobaki wanaanika chini, mchangani, kwa sababu chanja inataka miti, wavu na mtu wa kukulindia usiku visiibwe. Dagaa wa chini hutandazwa asubuhi, hugeuzwa jua likipanda, na jioni hufagiwa kwa ufagio wa njukuti hadi wawe chungu, wakazolewa kwa karai na kuchekechwa. Mchanga unapita kwenye chekeche, dagaa wanabaki. Tatizo ni kwamba dagaa aliyekomaa ana urefu wa kama msumari wa inchi tatu. Chekeche linalombakiza dagaa linaubakiza na msumari.

Jambo jingine la kujua ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti. Siku hizo boti hulala nchi kavu na uwanja wa kuanikia hubaki mtupu. Hilo lilikuja kutusaidia sana.

Sasa mwaka wenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Boti zote zikawa juu. Kila tajiri wa boti akaona ndiyo nafasi ya kubadilisha mbao zilizooza. Miembe ikajaa, kazi ikamwagika hadi kwenye uwanja wa dagaa, ambao nao ulikuwa hauna kitu. Hakuna aliyekatazwa wala aliyeomba. Kwa miezi mitatu watu waling'oa mbao kuukuu, wakakata misumari kwa tindo, wakabandua vipande vya bati vilivyozibia nyufa. Mbao zilizooza ziligeuka kuni za chai palepale. Mbao ikiungua, misumari yake inabaki kwenye majivu, na majivu yakapeperushwa na upepo wa kiangazi hadi ukawa huwezi kujua moto ulikuwa wapi.

Yaliyotokea

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukiwa unakaribia kuwa mpevu (ulijaa tarehe 19 Agosti), kwa hiyo mavuno ya kwanza hayakuwa ya kutisha. Dagaa walikuja kwa wingi mwisho wa Agosti, giza lilipoingia. Akina mama walianika, wakafunga viroba, wakavipakia kwenda Dar es Salaam. Katika juma la pili la Septemba mnunuzi alipiga simu. Wateja wake wawili walikuta vyuma ndani ya dagaa: mmoja msumari mzima, mwingine kipande cha bati chenye ncha kama wembe. Hakutukana. Alisema tu kwamba mzigo unaofuata ataufungua na kuumwaga chini mbele ya dereva, na akiona chuma kimoja, mzigo utarudi kwa gharama ya mwenyewe.

Siku hiyohiyo binti mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alichomwa unyayo. Alipelekwa zahanati akasafishwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Pale mwaloni watu walisema ni kutu ndiyo yenye sumu, jambo ambalo si kweli: vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na msumari huviingiza ndani ya nyama kusikofikiwa na hewa. Msumari mpya unaong'aa uliolala kwenye mchanga wanakopita mbuzi ni hatari ileile.

Kikao kilifanyika jioni. Mawazo yaliyotolewa yalikuwa matatu. La kwanza, kumwaga mchanga mpya juu. Lilianguka haraka kwa sababu mama mmoja mtu mzima, aliyewahi kuanika pale tangu ujana wake, alisema: "Mchanga huu tunaufagia kila siku wanangu. Mtafukia leo, tutafukua Jumamosi." La pili, kutandika nyavu kuukuu chini ya dagaa. Lilijaribiwa kesho yake, misumari iliyosimama ikatoboa na dagaa wakanasa kwenye matundu. La tatu, kuokota kwa mikono. Hilo lilifanyika kwa siku nzima, watu kumi na wanne wamepiga mstari, magoti chini. Walipata kopo la rangi la lita nne, limejaa. Usiku huo wakajisifu. Asubuhi iliyofuata, baada ya upepo, misumari mingine ilikuwa imechungulia palepale walipopita.

Ndipo katibu wa kikundi alipokumbuka kwamba kwenye mashine ya kusaga unga anakopeleka mahindi kuna sumaku inayonasa chembe za chuma zinazotoka kwenye nyundo za mashine. Akaja kwangu. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Fundi, unaweza kunitengenezea sumaku ya kufagilia?"

Kifaa cha kwanza, na kosa langu

Sumaku kubwa za dukani hazikupatikana mjini kwa bei ya maana. Nilikwenda kwa fundi redio, akanipa spika kubwa nane zilizokufa, kila moja kwa shilingi elfu tatu. Nyuma ya spika kuna pete nyeusi nene, hiyo ndiyo sumaku. Imebanwa kati ya bamba mbili za chuma, na kutoka bamba la nyuma kuna kipande cha chuma kinachopita katikati ya tundu. Ukiiacha hivyo ilivyo, nguvu yote inazunguka mle ndani, kwenye upenyo mdogo ambamo koili ya spika hucheza. Nje inabaki kidogo. Kwa hiyo pete lazima itolewe. Nilizibandua kwa patasi na subira. Moja ilivunjika, maana pete hizi ni za aina ya kauri: ngumu lakini hazipendi kugongwa. Vipande vyake bado ni sumaku, ila kingo zake zinakata.

Pete saba zilizobaki nilizipanga kwenye flatiba (chuma bapa) ya upana wa sentimita kumi. Chuma cha nyuma kinasaidia kurudisha nguvu upande wa chini, hilo nililijua. Kisha nikafanya ujinga. Nikapitisha bolti ya chuma katikati ya kila pete ili kuikaza. Nilipojaribu, kifaa kilikuwa dhaifu kuliko pete moja iliyoshikwa mkononi. Ilinichukua nusu siku kuona kwamba nimeijenga spika upya: bolti ilikuwa inafanya kazi ya kile kipande cha katikati nilichokitoa kwa jasho. Nikaziondoa, nikabana pete kwa mbao mbili za pembeni na gundi ya vyuma. Nguvu ikarudi.

Hapo nilifanya jaribio ambalo naliona ndilo la muhimu kuliko kifaa chenyewe. Niliweka msumari wa inchi tatu juu ya meza ya mbao, nikawa nashusha sumaku kidogo kidogo. Kwenye urefu sawa na upana wa vidole vinne msumari haukutikisika. Vidole vitatu, ulitikisika ukatulia. Vidole viwili, uliruka. Niliuambia ujumbe wa akina mama waliokuja kuchukua kifaa: hiki kinaona vidole viwili. Ukikiinua mara mbili ya hapo, nguvu haipungui nusu tu, inaporomoka kabisa. Walinielewa. Mimi mwenyewe, kama itakavyoonekana, sikujielewa.

Mbalamwezi ya Septemba

Tuliamua kusafisha siku ambazo boti hazitoki. Mwezi ulijaa tarehe 18 Septemba, tukaanza tarehe 16. Uwanja ulipimwa kwa hatua: arobaini kwa ishirini na tano. Ukagawanywa kwa kamba kuwa miraba ya hatua tano kwa tano, jumla arobaini, na kila mraba ukapewa namba kwenye daftari. Aliyeshauri miraba ni katibu, na sababu yake haikuwa ya kitaalamu hata kidogo: alitaka kila mama aone kwamba sehemu anayoanika yeye haikurukwa.

Kifaa kilikuwa na magurudumu mawili ya toroli la mtoto. Yalizama mchangani hatua ya tatu. Tukayatoa, watu wawili wakakibeba kama jeneza dogo, mikono ikachoka, urefu ukawa unapanda na kushuka. Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea. Baada ya hatua kumi, chini ya sumaku kulikuwa na manyoya meusi, manene kama sega la nyuki. Watu wakashangilia wakidhani ni misumari. Ulikuwa mchanga. Katika mchanga wa ufukwe huo zimo chembe nyeusi zenye chuma cha asili, zinazovutwa na sumaku kama vile msumari unavyovutwa. Zilikuwa zimeivaa sumaku nzima, na kwa kuwa unene wake ulikuwa kama kidole kimoja, tulikuwa tumepoteza nusu ya uwezo wa kifaa bila kujua.

Kuutoa mchanga huo kwa mkono ni kazi ya kumkera malaika. Suluhisho lilitoka kwa mama mmoja aliyechukua kiroba kitupu na kukivalisha kifaa kizima. Ukimaliza mraba, unakipeleka kwenye turubai, unaichomoa sumaku kwa juu, na kila kilichonata kinadondoka chenyewe kwa sababu kilichokishika hakipo tena. Ukikipandisha kifaa kidogo kutoka mchangani, mchanga mweusi unapungua sana na misumari inaendelea kuruka. Shida ikabaki moja: nani atakishika kwa urefu uleule siku nzima?

Hapa inabidi nimtaje fundi boti mkubwa wa pale. Tangu mwanzo hakuipenda kazi hii. Watu walidhani anaona aibu kwa uchafu wake, kumbe alikuwa na hoja nyingine. Misumari iliyopinda ni mali. Kijana wake huinyoosha kwenye jiwe na kuitumia tena mahali pasipobeba uzito. Alipoona inakusanywa kwenye ndoo ya kikundi na watoto tayari wanaulizia bei ya chuma chakavu, aliona anaibiwa. Mzee mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni) alikaa naye pembeni, wakakubaliana: kila jioni ndoo inamwagwa mbele yake, anachagua anayoitaka, inayobaki inauzwa na hela inaingia kwenye kikundi. Jioni ya kwanza alichagua. Asubuhi ya pili akaja na mbao mbili za muninga zilizochongwa ncha zake zikapinda juu, kama pua ya mtumbwi. Akazipigilia pembeni ya kifaa. Kikawa kinateleza juu ya mchanga kwa kamba, mtu mmoja tu akikivuta, na sumaku ikining'inia kwa urefu usiobadilika. Katika kazi yote hii sijaona ufundi uliokaa sawasawa kuliko ule, na pesa hakuomba.

Siku tatu za kuvuta zilitoa kilo tisa na nusu, zikipimwa kwa mzani uleule wa dagaa. Siku ya nne tulivuta tena uwanja mzima kwa kukatiza, yaani kama mara ya kwanza tulikwenda kutoka majini kuelekea miembe, sasa tulikwenda kutoka kaskazini kuelekea kusini. Tukapata kilo mbili. Miraba mingi ilitoa kiganja kimoja, mingine haikutoa kitu. Tukasema, basi, umekwisha. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kilichofukuka

Wiki ya mwisho ya Septemba akina mama walianika tena. Siku ya tano, kijana mmoja aliazima reki ya chuma kusawazisha mahali pa kupigia hema la msiba wa jirani, pembeni ya uwanja. Kila alipovuta reki, msumari. Alikuja kuniita akicheka.

Tulichokuwa tumekisafisha ni vidole viwili vya juu. Chini yake, kwenye kina cha kiganja, vilikuwapo vingine vingi, vilivyokanyagwa na watu na kufukiwa na upepo kwa miezi mitatu. Kilo mbili za siku ya nne hazikuwa zinatuambia mchanga ni msafi. Zilikuwa zinatuambia kwamba kile ambacho sumaku inaweza kukifikia kinakaribia kwisha. Hizo ni habari mbili tofauti, na mimi niliyefanya jaribio la msumari mezani nilizichanganya.

Mbalamwezi ya Oktoba, mwezi ulipojaa tarehe 17, tulirudi. Safari hii kila mraba ulipigwa reki kwanza hadi kina cha kiganja, ukasawazishwa, ukavutwa sumaku, ukapigwa reki tena kwa kukatiza, ukavutwa tena. Tulipata kilo sita na robo. Yaani baada ya "kumaliza", bado kulikuwa na zaidi ya nusu ya kile tulichokitoa mwanzo. Miraba sita iliyopakana na miembe peke yake ilitoa karibu kilo mbili, na misumari yake haikuwa na kutu. Ilikuwa mipya, ya mwezi huohuo.

Kabla ya kufunga kazi tulifanya jaribio nililotaka kulifanya tangu pale nilipoaibika. Nilipaka misumari ishirini rangi nyekundu, nikamwachia mwenyekiti aitupe na kuikanyagia mahali popote katika miraba minne, bila mimi kuwapo. Waliovuta hawakujua ni miraba ipi. Tulirudisha kumi na saba. Mitatu ilipatikana kwa reki na macho, ikiwa imesimama wima ndani ya nyayo za zamani. Msumari uliosimama na kubanwa na mchanga unahitaji nguvu kubwa zaidi kuchomoka kuliko uliolala. Mtu akijaribu hili, ahesabu misumari anayoiweka, aiandike, na asiondoke kabla ya kuipata yote.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Kwanza, kwa nini hatukuhamishia kila mtu kwenye chanja, ambalo ndilo jibu ambalo maofisa wamekuwa wakilisema miaka mingi. Kwa sababu mnunuzi alitoa siku chache na chanja inataka mtaji. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi kwa Septemba. Kwa mwaka mzima si sahihi, na baadhi ya akina mama wamelisema hilo wenyewe: hela ya chuma chakavu, ingawa ndogo, ilinunua wavu wa chanja moja.

Pili, kuendelea kuokota kwa mikono hata baada ya kupata kifaa. Kulikuwa na ubishi, wengine wakiona ni kupoteza muda. Lakini sumaku haioni kila kitu. Waya wa shaba kutoka kwenye nyaya za taa hauvutwi. Makopo ya aluminiamu hayavutwi, wala vioo vya taa zilizopasuka. Misumari iliyopakwa zinki inavutwa kwa sababu ndani yake ni chuma, na wengi walidhani kinyume. Kilichotushangaza ni misumari iliyokwisha kabisa kwa kutu. Ile kutu nyekundu ya kawaida inavutwa kidogo mno. Msumari uliooza hadi kiini unabaki umbo tu, na sumaku inapita juu yake kama vile haupo.

Kuhusu kuoza huku kulizuka mjadala mtamu. Mzee mmoja alidai chuma hakiozi katika ziwa hili, akitoa mfano wa meli ya Liemba: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ni kweli tupu. Ila mitambo yake ilipakwa grisi nzito kabla ya kuzamishwa, na maji ya ziwa hili si ya chumvi. Msumari wa ufukweni hauna grisi. Unaloweshwa na wimbi, unakauka kwa jua, unaloweshwa tena, na katika hali hiyo chuma huliwa upesi.

Tatu, kupitisha sumaku pia juu ya dagaa waliokwisha kuchekechwa. Hilo liliamuliwa baada ya aibu ya reki. Dagaa wanatandazwa juu ya turubai, tabaka jembamba la dagaa wawili watatu, na pete moja ya sumaku iliyofungwa kwenye mfuko safi inapitishwa karibu sana. Wakirundikana hakuna faida, kwa sababu ileile ya vidole viwili.

Nne, simu, saa na kadi za benki ziliwekwa kwenye kapu mbali na kifaa. Tulianza kufanya hivyo baada ya dira ya simu ya katibu kuanza kuonesha kaskazini iko Kongo.

Matokeo

Mzigo wa mwisho wa Septemba, uliopita kabla ya reki, ulifunguliwa na mnunuzi kama alivyoahidi. Alikuta kipande kimoja cha msumari, akaurudisha nusu ya mzigo na kulipa nusu. Aliyekula hasara ni mama mmoja ambaye kosa halikuwa lake. Mizigo miwili ya Oktoba ilipita. Wa Novemba ulikuwa na kipande cha waya wa shaba cha urefu wa kidole. Mnunuzi alipiga simu, lakini safari hii alikuwa anacheka: "Hiki nacho mmekikosa kwa sumaku?" Hakurudisha kitu.

Hakuna aliyechomwa tena mguu hadi mvua zilipoanza. Mvua zilipoanza kifaa kilikaa, kwa sababu mchanga mbichi unaganda kwenye kiroba na hauvuti vizuri. Jumla ya chuma kilichotoka ni kilo kumi na saba na robo tatu, bila kuhesabu alichochagua fundi boti wala lile kopo la kwanza.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Watu wakija kuuliza habari hii huuliza kuhusu sumaku. Mimi nikiulizwa leo nisingeanza nayo. Kazi kubwa ilifanywa na reki. Sumaku inashika tu kile kilicholetwa mbele yake, na kukileta mbele yake ndiyo kazi yenyewe: kufukua, kusawazisha, kwenda taratibu, kukatiza. Tungeanza na reki Septemba, yule mama asingerudishiwa nusu ya mzigo. Tulikuwa na reki. Ilikuwa imeegemezwa mwembeni siku zote nne.

Mizani na miraba vilifaa kuliko nilivyotegemea. Bila daftari tusingejua kwamba miraba sita ya karibu na miembe inajazwa upya kila mwezi. Tungeendelea kuvuta uwanja mzima kila mbalamwezi na kumlaumu kila mtu. Namba zilionesha chanzo bila mtu kunyooshewa kidole, na fundi boti mwenyewe ndiye aliyeziangalia akasema kazi ya kung'oa mbao ihamie upande wa pili wa miembe. Alitandika turubai kuukuu chini ya boti anayoing'oa. Turubai hilo, kwa maoni yangu, limezuia chuma kingi kuliko kilichookotwa na kifaa changu.

Namba hizohizo zilitudanganya pia, na ni vizuri kulisema. Kupungua kutoka kilo tisa na nusu hadi mbili kulionekana kama ushindi kwa sababu hatukuuliza kinachopungua ni nini. Jaribio la misumari myekundu lilikuwa lifanywe siku ya kwanza, kabla ya mtu kusema "umekwisha". Linagharimu kopo dogo la rangi.

Upangaji wa pete nao una neno. Nilizipanga kwa kupishana, moja uso wa kaskazini chini, inayofuata uso wa kusini, kwa sababu zikipishana zinavutana na ni rahisi kuzifunga. Mpangilio huo hutoa nguvu kubwa karibu na uso wa kifaa, lakini haufiki mbali. Ungefaa kwenye sakafu ya karakana. Kwa mchanga, nikitengeneza kingine, nitazielekeza zote upande mmoja, hata kama zitanisukuma vidole wakati wa kuzifunga.

Kilichoshindikana kabisa ni makubaliano ya maandishi. Mwenyekiti alitaka sheria ndogo ya mwalo: boti zisikarabatiwe kwenye uwanja wa dagaa ziwa likifungwa. Matajiri wa boti wawili walikataa, wakisema uwanja hauna mwenyewe. Hoja yao ina ukweli fulani, maana mwaka ule hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka boti zote kwa pamoja. Ufumbuzi wa nafasi haujapatikana. Turubai la fundi mkubwa linatosha boti moja, mbili zikibanana, na mafundi wengine wawili bado wanang'oa mbao chini.

Kifaa kipo nyumbani kwa katibu, kimefungwa kwenye kiroba, sumaku zikitazama ukuta wa udongo. Mara ya mwisho nilipopita aliniomba nimtengenezee reki pana, yenye meno marefu ya kiganja kizima. Nimeshakata vyuma vyake.